Mguu Uliovunjika: Ni Nani Atakayelipa?

Aliyekaa Bunia hata juma moja hana haja ya kufafanuliwa neno ajali. Tangu alfajiri hata usiku pikipiki zapita katika Boulevard de Libération kama nyuki watokao mzingani. Moja imebeba watu watatu, nyingine magunia ya unga wa muhogo, nyingine mbuzi aliyefungwa miguu. Katikati yao hupenya malori yaliyotoka Mahagi au Komanda, na pembeni hutembea watoto wa shule na akina mama wenye mizigo kichwani. Ikipita siku moja bila mtu kuanguka, twashukuru.

Juu ya kuzuia ajali wengi wamekwisha kusema, na sitarudia. Leo nataka tuitazame saa ile moja inayofuata, mtu akiwa bado amelala chini na watu wamemzunguka. Ndani ya saa hiyo familia nyingi hupoteza haki yao bila kujua, na ndani ya saa hiyo hiyo kijana wa pikipiki aweza kupoteza uhai wake kwa kosa ambalo sheria ingalilitolea hukumu ya miezi michache.

Tuseme hivi, wala si kisa cha mtu fulani. Mama mmoja atoka sokoni, atembea ukingoni mwa barabara. Motari mwenye abiria wawili nyuma yake ataka kulipita lori; mbele yake yaja gari jingine; ajirudisha pembeni kwa haraka na kumgonga mama. Mguu wavunjika. Unga wamwagika. Watu wakusanyika, na kila mmoja ana shauri lake. Mmoja apiga kelele, "Chomeni hiyo moto!" Mwingine amwambia motari kwa sauti ndogo, "Kimbia, ndugu yangu, watakuua." Kisha yafika magari mawili ya maneno: mzee wa mtaa asemaye, "Mama, tukubaliane hapa hapa, mambo ya tribunali ni marefu," na mwenye pikipiki aliyeitwa kwa simu, ambaye asema, "Mama yangu, pole sana, lakini mimi sikuwako. Mdai kijana." Baadaye atoa noti chache na karatasi iliyoandikwa tayari: Mimi fulani nimepokea kiasi hiki, sidai tena neno lolote.

Sasa tuulize sheria yasemaje.

Kitabu cha tatu cha Sheria ya Kiraia ya Kongo, kinachohusu mikataba na madeni, kilitolewa kwa dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Msomaji ahesabu mwenyewe: mwaka ule hapakuwa na motokari hata moja katika nchi hii yote. Walioandika walichukua maneno ya sheria ya Wafaransa ya mwaka 1804, iliyotungwa zamani za farasi na magari ya kukokotwa, wakayaleta hapa karibu neno kwa neno. Hata hivyo vifungu vile, namba 258, 259 na 260, ndivyo vinavyomhukumu motari wa Bunia leo. Cha kwanza chasema kwamba mtu yeyote ambaye kwa kosa lake amemletea mwenzake hasara, imempasa kuirudisha. Cha pili chaongeza kwamba mtu hujibu si kwa tendo lake tu, bali hata kwa uzembe wake na kwa kutoangalia kwake. Cha tatu nitakirudia chini, maana ndicho kinachomfuata mwenye pikipiki hata nyumbani kwake.

Kwa hiyo mama yetu, au yule atakayemsemea, yampasa kuonyesha kwamba kosa lilikuwako, kwamba hasara iliko, na kwamba hasara hiyo ilizaliwa na kosa hilo. Wengi husahau neno la mwisho. Mtu agongwe mkono leo, na baada ya mwezi mmoja afe kwa malaria. Ndugu zake wakidai damu yake kwa motari, hawatapata, ila kama mganga ashuhudia kwamba jeraha lile ndilo lililofungua njia ya kifo. Ndiyo sababu karatasi ya mganga, yenye tarehe ya siku ile ile na kueleza majeraha, ina thamani kuliko makelele ya watu mia walioona.

Upande wa pili kuna sheria ya jinai. Kitabu cha Sheria ya Jinai cha mwaka 1940, katika kifungu cha 52 na vinavyofuata, chamhesabia kosa mtu aliyeua au kujeruhi bila kukusudia, kwa sababu tu hakutazama mbele au hakujihadhari. Aliyeua kwa namna hiyo aweza kufungwa tangu miezi mitatu hata miaka miwili. Aliyejeruhi, tangu siku nane hata mwaka mmoja. Na juu yake faini. Aliyeumizwa aweza kuleta dai lake la fedha mbele ya hakimu yule yule anayehukumu kosa, au kulipeleka peke yake mbele ya hakimu wa mambo ya kiraia. Akichagua njia ya pili wakati kesi ya jinai ingali inaendelea, hakimu wa kiraia hungoja kwanza ya jinai iishe.

Angalieni muda. Kosa ambalo adhabu yake haipiti mwaka mmoja wa kifungo hufutika baada ya mwaka mmoja, na lile ambalo adhabu yake haipiti miaka mitano, baada ya miaka mitatu. Maana yake, aliyevunjwa mguu ana mwaka mmoja wa kuufungua mlango wa jinai. Waliofiwa wana mitatu. Mlango wa kiraia wabaki wazi muda mrefu zaidi, lakini mashahidi hawangoji. Yule muuza mkaa aliyeona kila kitu amehamia Mambasa, polisi aliyeandika amepelekwa kwingine, na pikipiki imekwisha kuuzwa mara mbili.

Tuje sasa kwenye majibu ya motari, maana naye ni mtoto wa watu, na pengine ni msomaji wetu. Jibu la kwanza analolitoa kila mmoja ni hili: "Sikukusudia." Nalisadiki. Lakini halimwokoi. Walimu wetu wa maadili seminarini walitufundisha kutenga dhambi na deni. Mtu aweza kuwa hana dhambi ya uuaji mbele ya Mungu, maana moyo wake haukutaka, naye akawa na deni mbele ya jirani, maana mkono wake ulilegea. Angalikusudia, tusingalisema juu ya kifungu cha 52 hata kidogo. Tungalisema juu ya uuaji kamili. Kutokukusudia ndiko kunakoliingiza jambo lake katika mlango huu wa uzembe, hakulitoi nje.

Jibu la pili ni, "Ni mapenzi ya Mungu." Hili, wapenzi, laniudhi. Breki zilizolika tangu Pasaka, taa isiyowaka, chupa mbili za pombe kabla ya safari, hayo yote ni kazi ya mtu. Sheria hukubali kweli neno moja linalofanana na hilo, ambalo mawakili huliita nguvu kubwa: jambo lililotoka nje, lisiloweza kutazamiwa wala kuzuilika. Mti wenye afya ukiangushwa na tufani mbele ya gurudumu, hapo dereva aweza kulitaja. Mvua ya Oktoba katika barabara ya udongo si nguvu kubwa. Kila mtu wa Ituri aijua, na dereva aliyeona utelezi alipaswa kupunguza mwendo. Breki iliyokatika nayo ni vivyo hivyo, isipokuwa yaonekana kwamba ilikuwa mpya, ilitunzwa, na ilikatika kwa ila iliyofichika ambayo fundi mwangalifu asingaliiona.

Jibu la tatu lina uzito zaidi: "Mama mwenyewe aliingia barabarani." Ikiwa ni kweli, hakimu atapima. Aliyeruka ghafla katikati ya njia mbele ya chombo kilichokuwa kikienda polepole na upande wake, pengine amejiletea hasara yote mwenyewe. Lakini mara nyingi makosa ni ya pande mbili: mama alikatisha bila kutazama, na motari alikuwa na watu wawili nyuma na mwendo wa kupita kiasi. Hapo fidia hugawanywa. Kila mmoja hubeba sehemu ya kosa lake. Kwa hiyo aliyegongwa asiogope kusema kweli juu ya nafsi yake. Uongo mmoja mdogo ukigunduliwa, hata kweli yake iliyobaki haitasadikiwa.

Juu ya kosa la aliyeumia, kuna msiba mmoja wa nchi yetu unaostahili kufikiriwa. Tarehe 2 Julai 2010, katika kijiji cha Sange, bonde la Ruzizi, Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikimbia kuyachota mafuta yaliyomwagika. Wengine hawakuchota kitu. Walikuwa wamekaa ndani wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Mbele ya sheria wafu hawa hawako katika hali moja. Juu ya mtu mzima aliyechota, mtetezi wa dereva aweza kusema kwamba aliikimbilia hatari kwa miguu yake. Juu ya yule aliyekuwa ndani akitazama mpira, hana la kusema. Na juu ya mtoto wa miaka saba aliyetumwa na debe, nasema kwa upande wangu kwamba anayemtajia mtoto huyo kosa, ajitazame vema kwanza yeye mwenyewe. Mtoto wa umri huo hajui petroli ni nini.

Nimesikia pia jibu jingine, la madereva watokao ng'ambo ya mpaka: "Kwetu twapita kushoto." Ni kweli, Uganda, Kenya na Tanzania hupita kushoto, na Kongo hupita kulia. Lakini aliyevuka mpaka wa Mahagi au wa Aru amevuka pia sheria ya barabara. Sheria Mpya ya Barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 yamshika kama imshikavyo mzaliwa wa Djugu. Tena malori mengi ya namna hiyo huwa na Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo ni bima ya kuwalipa watu wa nchi wanamopita. Anayegongwa na lori la kigeni aandike namba ya kadi hiyo pamoja na namba ya gari kabla halijarudi kwao.

Sasa mwenye pikipiki, aliyesema, "Mimi sikuwako." Hapa ndipo kifungu cha 260 kinapoingia. Chasema kwamba mtu hujibu hata kwa ajili ya watu walio chini yake na vitu alivyo navyo katika ulinzi wake. Bwana hujibu kwa ajili ya mtumishi wake katika kazi aliyompa. Baba na mama hujibu kwa ajili ya watoto wakaao nao. Walimu na mafundi hujibu kwa ajili ya wanafunzi wao muda wote walio chini ya macho yao. Tofauti moja ni kubwa, na yafaa ikumbukwe: wazazi, walimu na mafundi waweza kujitoa wakionyesha kwamba hawakuweza kulizuia jambo lile, bwana wa kazi hakupewa mlango huo. Akiisha kumtuma mtu, na mtu akakosa katika kazi ile, atalipa hata kama alimwonya asubuhi na jioni.

Wenye pikipiki wameligundua jambo hili, nao hujibu, "Huyu si mtumishi wangu. Ananilipa kiasi fulani kila siku, kinachobaki ni chake." Basi, hakimu hatatazama jina la mapatano, atatazama mambo yenyewe. Je, ni nani anayeamua saa za kazi? Ni nani anayetengeneza breki na kununua matairi? Ni nani awezaye kumwambia kijana, "Leo usitoke," naye akatii? Ikiwa yote hayo yamo mkononi mwa mwenye chombo, maneno ya kukodisha ni nguo tu juu ya utumishi. Ikiwa kijana kweli amekodi na ajitawala, jambo hubadilika, lakini hata hapo mwenye kutoa chombo kibovu ana kosa lake mwenyewe la kukitoa kikiwa kibovu.

Habari hii si ngeni. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, twasoma juu ya ng'ombe apigaye watu pembe. Akiua kwa mara ya kwanza, mwenyewe hahesabiwi hatia. Lakini ikiwa ng'ombe alikuwa na desturi hiyo, na mwenyewe alikwisha kuonywa asimfunge, hatia ni ya mwenyewe. Nawaomba wenye pikipiki waisome sura ile wakiifikiria ile taa ya mbele ambayo fundi amewaambia mara tatu. Na wenye ng'ombe wa kweli wasicheke: kifungu cha 261 chamfanya mwenye mnyama ajibu kwa hasara aliyoileta mnyama wake, hata akiwa amepotea au ametoroka. Ng'ombe alalaye usiku juu ya barabara ya Bunia na Mahagi, motari akamgonga akafa, mwenye ng'ombe aweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa, badala ya kudai bei ya nyama.

Fedha zitatoka wapi? Swali hilo ndilo linalowakatisha watu tamaa, kwa maana husema, "Motari hana kitu, nimshtaki nipate nini?" Tangu ordonansi ya tarehe 5 Januari 1973, kila chombo cha moto kiendacho barabarani sharti kiwe na bima ya kuwalipa watu wengine. Muda mrefu bima hiyo ilitolewa na SONAS peke yake, shirika la Serikali lililoanzishwa mwaka 1966; sheria ya tarehe 17 Machi 2015 iliuvunja ukiritimba huo, na kampuni nyingine zikapata ruhusa ya kufanya kazi tangu mwaka 2019. Bima hii ni ya kumlipa jirani unayemwumiza. Haikuwekwa kwa ajili ya mguu wa dereva mwenyewe. Aliyeumia aweza kuidai kampuni moja kwa moja, asingoje motari apate fedha. Si siri kwamba pikipiki nyingi hupita bila karatasi hiyo. Lakini nyingi nazo zinayo, na aliyegongwa hajui kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kukosa bima ni kosa jingine juu ya lile la kwanza, deni halipungui.

Na kiasi gani hudaiwa? Mafundi wa sheria wa zamani walitenga hasara iliyotokea na faida iliyozuiwa. Hasara iliyotokea ni gharama za hospitali, dawa, magongo, usafiri wa kwenda na kurudi, unga uliomwagika. Faida iliyozuiwa ni ile ambayo mama angaliipata sokoni kwa miezi minne atakayokaa kitandani. Kuna na maumivu yenyewe, na huzuni ya waliofiwa, ambayo hakimu huyapima kwa busara yake kwa kuwa hayana mizani. Kwa hiyo kila karatasi itunzwe: hata ya franka mia tano, hata ya tembe za maumivu. Mama auzaye sokoni hana barua ya mshahara. Lakini wenzake wa meza ya jirani wanajua aliuza kiasi gani kwa juma, na waweza kushuhudia.

Narudi kwenye karatasi ya mwenye pikipiki. Mapatano si kitu kibaya. Mimi mwenyewe nayapenda kuliko kesi, maana hulinda ujirani, na mji wetu umekwisha kuona uadui wa kutosha. Lakini mapatano ya saa ile ya kwanza, mguu haujapigwa picha, mama analia, si mapatano ya haki. Hakuna ajuaye bado kama mfupa utaunga au utakatwa. Pokeeni msaada wa hospitali, pokeeni hata fedha za chakula, lakini mwandike kwamba ni msaada wa kwanza, na hesabu itafanywa mganga akiisha kusema. Ni vivyo hivyo penye kifo. Motari na wenzake wakileta jeneza na kukaa katika matanga, wamefanya tendo jema, na familia iwashukuru kwa moyo. Jeneza lakini si malipo ya baba wa watoto watano. Tena mapatano ya watu wawili hayamfungi mwendesha mashtaka. Kosa la jinai ni jambo la Serikali, nayo yaweza kuendelea nalo hata mkiisha kupeana mikono.

Nanyi mnaopiga kelele ya kuchoma. Mkiichoma pikipiki, mmechoma kitu kimoja ambacho kingaliweza kuuzwa ili mama alipwe. Mkimpiga kijana hata afe, kesi ya uzembe wa siku nane hata mwaka mmoja mmeigeuza kuwa kesi ya uuaji, na nyinyi ndio washtakiwa. Zaidi ya hayo, ninyi ndio mnaowafundisha madereva kukimbia. Aliyegonga anapaswa kusimama na kusaidia. Sheria humwadhibu atorokaye, na humwadhibu pia amwachaye kwa makusudi mtu aliye katika hatari. Lakini ni nani atakayesimama akijua atapigwa mawe? Nashauri hivi: motari aonaye kwamba uhai wake umo hatarini aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, ajitaje, aseme mtu ameanguka mahali fulani. Aliyejipeleka mwenyewe hawezi kuitwa mtoro, na hakimu hulikumbuka jambo hilo.

Waliobaki penye ajali wawaite polisi wa barabara, wapime na kuandika. Kabla ya chombo kuondolewa, mwenye simu apige picha: mahali pikipiki ilipolala, alama za matairi, namba. Majina ya mashahidi wawili watatu na namba zao za simu yaandikwe, hata nyuma ya daftari la mtoto wa shule. Msimnyanyue aliyevunjika kama gunia. Mlazeni juu ya ubao au mlango, mguu ufungwe usicheze.

Juu ya mahali pa kushtaki, neno moja. Ulipotangazwa utawala wa dharura ulioanza Ituri na Kivu ya Kaskazini tarehe 6 Mei 2021, kesi za jinai zilitolewa mikononi mwa tribunali za kiraia na kupewa za kijeshi. Watu wengi walipoteza siku kwa kubisha mlango usio wao. Ulizeni kwanza penye ofisi ya karani wa tribunali ni mlango upi upokeao shauri lenu siku hiyo. Asiye na kitu asidhani amefungiwa: hakimu akiisha kuhakikisha umaskini wake, aweza kumsamehe gharama za kuanzisha kesi, na chama cha mawakili kina ofisi ya kuwashauri maskini bila malipo. Wakili, au avoka kama tusemavyo hapa, akikuomba sehemu ya fidia, mwandikiane mapema ni sehemu gani.

Yamebaki maneno ya walimu wenzangu na wanafunzi, kwa kuwa kifungu kile cha 260 kimetutaja. Mtoto akigongwa saa nne asubuhi kwa kuwa lango la shule lilikuwa wazi na mwalimu alikuwa akizungumza na simu yake, mwalimu ataulizwa. Vivyo hivyo mwanafunzi akimrushia jiwe motari apitaye wakati wa mapumziko, motari akaanguka, swali la kwanza la hakimu litakuwa: mwalimu wa zamu alikuwa wapi? Tunapowapeleka watoto kwa miguu hata kanisa kuu la Mudzipela au uwanja wa michezo, mwalimu mmoja atangulie na mmoja afuate nyuma, na watoto watembee upande wa kushoto wa barabara, ili vyombo vinavyopita upande ule vije mbele ya macho yao wala si nyuma ya migongo yao. Barua nyingi huniuliza kwa nini upande wa kushoto, kama nchi yetu hupita kulia. Sababu ni hiyo hiyo: apandaye chombo apite kulia, atembeaye kwa miguu atazamane nacho.